Paluku Wake Iko Wapi

Bungulu, Beni, tarehe 14 mwezi wa kwanza 2024

Kwa Baba Mukubwa Zacharie na Mama Mukubwa Jeannine, ku Bulengera.

Mupokee salamu yangu na ya bwana yangu Valère. Huku tuko bazima, tunamushukuru Mungu. Joto ya Beni munaijua, haina haja ya kuielezea. Valère anaenda ku bureau yake ya cadastre, kule banapima viwanja, kila asubui na anarudi na vumbi mpaka ku kope. Anabasalimia na Kiswahili yake ya Kasai, banamuchekelea bado ku soko.

Masikio yako namna gani? Nilikupigia simu siku ya Bonané, ya mwaka mupya. Nilikusikia tu unasema "Allô, nani? Allô, nani?" mpaka unité zikaisha, na mimi nilikuwa ninalia jina yangu vile mutu mwenye anaungua. Majirani balitoka inje kuangalia. Njo maana narudilia kalamu. Malachie, ule mwenye anaendesha camion ya viazi, aliahidi kwamba atakufikishia barua hii mukononi mwako, si kwa mutu mwengine.

Iko neno moja ya masomo yenye inanisumbua. Unajua ninafundisha darasa ya sita. Mwezi huu tulifika ku somo ya sayari, nikaandika majina ku tableau: Mercure, Vénus, Mars, Jupiter, Saturne na zingine. Kesho yake mama Nadège, muzazi wa mutoto wangu mumoja, alisimama ku mulango ya darasa na Biblia mukwapani. Alisema mbele ya batoto bote kwamba ninabafundisha majina ya mashetani ya Bagiriki na Baroma. Directeur wetu ni mutu wa kuogopa kelele. Aliniambia nitafute maelezo ya kupatia bazazi ku réunion, ao niruke somo.

Kuruka somo sitaki. Mais kusema ukweli, mimi mwenyewe sikujua juu ya nini balizipatia majina ya miungu. Weye ulisoma Latin kwa mapadri mbele ya kuanza kuuzisha misumari. Unisaidie.

Juu ya barua yako ya Noeli, niliisoma. Kwa ile mambo ya matanga, siko na jibu. Mimba iko muzuri, infirmière anasema mwezi wa tano.

Mutoto wako,
Masika Séphora


Bulengera, Butembo, tarehe 2 mwezi wa pili 2024

Kwa mutoto wangu Masika,

Barua yako ilifika na harufu ya mazout ya camion na matope ku kona. Malachie anasema ni mvua. Mimi ninasema aliikalia. Lakini ilifika, na mutu mwenye anafikisha barua hatumutukani sana.

Sisi tuko. Baridi imetukamata huku, asubui mutu anatoka inje na blanketi ku mabega vile muzimu. Sikio yangu ya kushoto ilishamaliza kazi yake, ya kuume inafuata polepole. Mama Mukubwa wako anafurahi, anasema sasa anaweza kunisema vibaya nikiwa nimeikaa pale pale. Alianza kutunga tricot ya mutoto, sufu ya manjano, na kofia yake. Nilimuambia Beni ni joto, mutoto ataiva. Akajifanya yeye ndiye hasikii.

Bon. Tuanze na mama Nadège.

Zamani, mbele Yesu azaliwe, batu ya kuangalia mbingu baliona kwamba nyota karibu zote zinatembea pamoja, kila moja kwa nafasi yake. Mais tano hazikutii. Leo iko huku, mwezi wenye kuja iko kule. Bagiriki baliziita planète, maana yake mwenye kuzunguka-zunguka. Batu ya Babeli walishazipatia majina ya miungu yao, Bagiriki bakaweka miungu yao, kiisha Baroma bakaweka ya kwao, na njo ya Baroma yenye ilibakia. Habakuchagua ovyo. Waliangalia tabia ya kila moja. Yenye inakimbia kupita zote baliiita Mercure, mujumbe wa miungu, mutu wa mbio, na tena mungu wa bachuuzi. Donc kama Butembo yetu ya bachuuzi ingekuwa na mungu ya kipagani ingekuwa yeye. Yenye inangaa kwa uzuri baliiita Vénus. Njo ile nyota ya asubui yenye koko yako, mama yangu, alikuwa anaangalia mbele ya kwenda shamba. Yenye iko nyekundu baliiita Mars, mungu wa vita. Juu yake sitasema mingi, unaishi Beni. Jupiter ni mukubwa wao, anatembea na heshima. Saturne ni babake, muzee, anaenda pole pole mpaka mutu anaweza kuoa na kuzaa na kuona mutoto wake anaoa, mbele Saturne amalize njia yake.

Dunia yetu peke yake habakuipatia mungu. Habakujua kwamba na yeye ni sayari. Balikuwa banaikanyaga tu.

Kuita kitu jina si kukipigia magoti. Kama ni zambi, basi sisi bote tumeanguka, juu mardi ni siku ya Mars, mercredi ni ya Mercure, jeudi ni ya Jupiter, vendredi ni ya Vénus. Umuulize mama Nadège, kwa adabu, groupe yake ya maombi inakutana siku gani.

Sasa tuache mbingu. Séphora, miaka mbili inaenda kutimia tangu mutoto wako wa kwanza, Précieux, alienda na majirani kuvuna kakao, masasi ikalia, batu bakatawanyika mu pori, na yeye hakurudi. Tulitafuta. Unajua vile tulitafuta. Tuliikaa na mukubwa wetu Paluku wa Lubero na bandugu bengine. Bote banasema si vizuri mutoto azaliwe mu nyumba yenye matanga yake haikuanzwa wala haikufungwa. Banataka ifanyike mbele ya mwezi wa tano, hapa kwangu, na padri, kwa utulivu. Mimi nilipewa kazi ya kukuandikia, na ninaona barua yangu ya kwanza uliiruka vile mutu anaruka mufereji.

Na kama anakuja mwanaume, ni Kambale. Valère atafute tu prénom.

Baba Mukubwa wako,
Kakule Zacharie


Bungulu, Beni, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Kwa Baba Mukubwa na Mama Mukubwa,

Salamu mingi. Huku mvua imeanza, kakao inaoza ku miti kwa wale mwenye hawathubutu kuifuata mashambani. Miguu yangu imevimba, ninafundisha na sandale ya Valère. Batoto banacheka, mais banacheka vizuri, bila ubaya. Mama Mukubwa asiache tricot yake, nitaivalisha hata kama ni kwa photo.

Réunion ya bazazi ilipita. Nilisoma maelezo yako vile ulivyoandika, ila ile ya Butembo niliiacha. Nilipofika ku siku za juma, nilimuuliza mama Nadège swali yenye ulinipa, na sauti ndogo kabisa. Akajibu: vendredi. Directeur mwenyewe akaanza kukohoa kwa kuficha kicheko, na ikaisha. Somo inaendelea. Tangu siku ile bazazi banamuita mama Vénus nyuma ya mugongo, na mimi ninasikia haya, juu ni mama mwema. Alinipikia sombe wakati niligonjwa mwaka jana. Nitaenda kumuona.

Batoto baliniuliza kitu chenye sikujua. Kama bazee ba zamani baliona tano tu, ni nani aliita Uranus na Neptune? Na Pluton, juu ya nini ku kitabu ya zamani iko na ku kitabu mupya haiko? Nilifika ku Pluton, nikafuta tableau. Kengele ililia.

Sasa nakujibu, Baba Mukubwa, ili usiseme tena ninaruka mufereji.

Matanga, hapana. Siwezi kulilia mutu mwenye sikuona mwili yake. Habakunionyesha kitu, hata kiatu. Mukubwa wa Lubero atanisamehe.

Na jina. Kama ni mwanaume, ataitwa Paluku. Nilimuambia Valère, akasema sawa, ni jina muzuri, tuirudilie. Kwake ni jina tu. Nikamuelezea vile kwetu Banande majina inaenda na zamu, kwamba mwanaume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule, hata kama mumoja amekufa zamu yake inabakia. Akafikiri sana, kiisha akaniuliza: "Donc mutu akisikia tu Kambale, anajua kuko mukubwa wake?" Nikasema ndiyo.

Unaona, Baba Mukubwa? Bataniuliza. Ku soko, ku dispensaire, ku kanisa, mama wa kuuzisha ndizi, motard, kila mutu wa kwetu mwenye atasikia ninamuita mutoto: aah, Kambale, na Paluku wake iko wapi? Banauliza kwa wema, ninajua, na mimi ninaulizaka vile. Mais mimi nitajibu nini? Nikisema amekufa ninadanganya, juu sijui. Nikisema iko, ninadanganya vilevile. Na itakuwa kila siku, maisha yote ya huyu mutoto. Sina nguvu ya vile. Afazali nianze tena na moja.

Masika Séphora


Bulengera, tarehe 19 mwezi wa tatu 2024

Séphora,

Barua yako ilifika. Hapana.

Ukimuita huyu Paluku, unasema kwamba mbele yake hapakupita mutu. Matanga ungekataa, ningevumilia, matanga inangojaka. Mais jina hapana. Ukifanya vile, usiningoje siku ya kutoa mutoto inje mara ya kwanza. Baraka yangu sitaileta ku jina yenye iko na mwenyewe.

Kakule Zacharie


Bulengera, tarehe 28 mwezi wa ine 2024

Kwa mutoto wangu Masika,

Mwezi mzima na zaidi, hakuna barua. Malachie anasema njia ilifungwa, kiisha ikafunguliwa, kiisha camion ikakwama. Nilienda ku parking kumuuliza mara mingi mpaka akaanza kujificha nyuma ya magunia akiniona. Sijui kama ni njia ao ni weye.

Mama Mukubwa wako alisoma nakala ya barua yangu ya mwisho. Nilikuwa nimeiacha juu ya meza. Alichukua tricot yake, akaenda kuitungia kwa jirani siku tatu. Chakula alinipa, mais baridi. Nimeelewa.

Niliandika mafupi juu nilikuwa na hasira, na mutu mwenye hasira anafikiri kwamba mwengine anajua yenye iko mu roho yake. Haukuweza kujua. Leo naandika marefu. Ngojea, nianze na batoto yako ya darasa, juu nilibawia jibu.

Uranus ilionekana na mutu wa muziki, Mudachi mwenye alikuwa anaishi ku Uingereza, na lunette ya kuangalia nyota yenye alijitengenezea ku nyumba. Ni zaidi ya miaka mia mbili sasa. Akafurahi, akataka kuiita jina ya mufalme wake. Unawaza? Mercure, Vénus, Mars, Jupiter, Saturne, na Georges. Batu ya inchi zingine bakakataa. Ikatokea mwengine, naye Mudachi, akasema: tufuate ukoo. Baada ya Mars anakuja Jupiter, na Jupiter ni baba ya Mars. Nyuma ya Jupiter iko Saturne, na Saturne ni baba ya Jupiter. Donc mwenye iko nyuma ya Saturne ni nani, kama si babake? Bakamuita Uranus, ya Kigiriki, maana yake mbingu. Padri wetu wa Latin alipotufundisha vile, sisi batoto ba Kinande tulichekana, tukasema: kumbe hata bazungu banaita na zamu. Nafasi yako mu mustari njo jina yako.

Kiisha balianza kuhesabu njia ya Uranus, na Uranus haikufuata hesabu. Mara inaenda haraka, mara inachelewa. Bengine balisema hesabu ni mbaya. Bengine balisema hapana, kuko mutu huko nyuma, hatumuoni, na anamuvuta huyu. Bakahesabu pahali yenye angepaswa kuwa, bakaelekeza lunette kule, na usiku ule ule bakamupata. Njo Neptune. Balimujua mbele ya kumuona, juu ya vile alikuwa anavuta mwengine.

Na Pluton. Walipoiona, kabinti kadogo ka miaka kumi na moja kalikuwa kanakunywa chai na koko yake, ndiye alisema iitwe Pluton, mungu wa inchi ya batu benye balikufa. Miaka mingi ilikuwa ya tisa. Kiisha, si zamani, bakubwa ba sayansi balikutana, bakasema ni ndogo sana, bakamutoa ku hesabu. Njo maana ku kitabu mupya haiko. Mais usikie hii, Séphora. Balimutoa ku hesabu, jina yake habakuigusa. Hakuna mwenye alisema: sasa nafasi iko wazi, tupatie Pluton mwengine. Iko kule, mu giza yake, na inaitwa Pluton mpaka leo.

Kengele haikulia siku ile, mutoto wangu. Ninajua.

Sasa yangu. Ulipokuwa kadogo, ulikuja hapa vacances, ukaikaa ku mulango ya duka, ukahesabu ku vidole: Paluku wa Lubero, Kambale wa Kyondo, Kakule njo weye, Katembo njo papa. Ukaniuliza: Kasereka iko wapi? Na mimi nilikutuma kuleta chumvi. Nilikuwa mutu mukubwa, na kaswali ka mutoto kalinishinda.

Sijui kama unakumbuka. Mimi sikusahau, juu njo swali yenye niliulizwa maisha yote. Ku masomo, ku seminari, ku soko, mpaka leo kila mununuzi mupya mwenye anafika ku duka. Kuko Kasereka mbele yangu, mutoto wa mama yangu, na mimi sijui kitu juu yake. Hakuna photo, na kaburi habakunionyesha. Sijui kama aliishi juma moja ao mwaka moja, ao kama alibatizwa. Nilimuuliza mama mara moja. Alikuwa anamenya colocase, majimbi ya kuchemsha. Hakusimamisha kisu. Alinitilia kipande ya moto mukononi, akasema nikule. Babako, mimi, bakubwa zetu, hakuna mwenye alithubutu tena. Mama alikufa na ile neno mu kinywa.

Sasa angalia. Kitu moja tu hapa duniani inasema ule mutoto alipitaka, na ni jina yangu. Mama hakuweza kusema juu yake, mais hakuniita Kasereka. Alikuwa na uchungu, na njia ilikuwa wazi, hakuna mutu angemukataza. Aliruka zamu, akaniita Kakule, na akajua bataniuliza. Alikubali baniulize. Kama angeniita Kasereka, ndugu yangu hangekuwa amekufa tu. Hangekuwa amezaliwa.

Njo maana nilisema hapana. Nilikuwa ninasema juu yangu, na nilikuwa ninakugombeza weye.

Matanga, nimeiacha. Nimemupigia simu mukubwa wa Lubero, yaani Jeannine alipiga, mimi nilikuwa ninasema maneno na yeye anarudilia. Amesema sawa, Séphora aamue siku yake, hata kama siku ile haiji. Kwa jina, siwezi kukulazimisha, mutoto ni wako na Valère. Nitakuja hata ukimuita Georges.

Mais ninakuomba kitu moja. Ku barua zako zote haukuandika jina yake hata mara moja. Uandike.

Baba Mukubwa wako,
Kakule, mwenye Kasereka alimutangulia


Bungulu, Beni, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Kwa Baba Mukubwa Zacharie, kwa Mama Mukubwa Jeannine,

Tuko bazima bote. Ninaandika "bote" juu tumeongezeka. Mutoto alizaliwa tarehe 17 mwezi wa tano, mwanaume, mukubwa, na kelele ya kutosha. Ya huyu hata weye utaisikia. Nilichelewa kuandika juu ya yeye, na juu nilitaka kwanza kumaliza yenye nilipaswa kufanya.

Barua yako ya hasira ilifika. Ile ya marefu ilifika siku mbili mbele ya kuzaa, Malachie aliileta mpaka ku mulango ya maternité na akaomba asionekane machoni mwako juma ile. Niliisoma nikiwa nimelala na uchungu ya kwanza. Nilimupa Valère, akaisoma inje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi ya jikoni ya bagonjwa. Chumvi ninaikumbuka. Nilifika jikoni nikakuta chupa ya chumvi imejaa, na nilirudi bila kuuliza tena. Hata mutoto anaelewa mulango ikifungwa.

Ulikisia vizuri, kengele haikulia. Nilisema Pluton, mutoto mumoja akauliza kama ukitolewa ku hesabu unakuwa bado kule. Nilifuta tableau na nikabaambia baende kucheza. Nilikuwa na hasira na ile swali mpaka nikafika nyumbani.

Kiisha nikakuandikia kwamba nitaanza tena na moja. Nilifikiri inaondoa swali. Usiku ule ule niliota ninaita "Paluku!" ku kiwanja, na nilikuwa ninangoja huyu mudogo aje, na nilikuwa ninaogopa nani atageuka. Sikukuambia. Ulikuwa tayari umekasirika, na mimi vilevile.

Basi sikia vile ilipita. Juma iliyopita tulienda ku bureau ya commune, mimi, Valère na mutoto, kwa kumuandikisha. Kulikuwa mustari murefu. Mama wa kuandika, mama wa kwetu, miwani ku ncha ya pua, aliniuliza jina. Valère aliniangalia. Hatukuwa tumekubaliana mpaka mwisho, ninakuambia ukweli, nilimuambia tu kwamba kinywa yangu itajua.

Nikasema: "Kambale."

Aliandika. Kiisha akainua kichwa, akatabasamu, na akauliza vile vile nilijua atauliza, kwa wema, bila kufikiri, vile mimi ningeuliza. "Kambale. Na Paluku wake iko wapi?"

Batu ba nyuma yangu balikuwa banazungumuza, na mutoto alikuwa analala. Baba Mukubwa, ile swali niliikimbia miaka mbili, na ilipofika haikuniangusha. Nikamujibu: "Paluku wake anaitwa Précieux. Iko na miaka tisa. Alipotea ku mashamba ya kakao, sijui iko wapi."

Ule mama alivua miwani. Hakusema pole ya haraka haraka. Alisema yeye pia iko na binti, Kavira, mwenye amebakia mu hesabu tu, kiisha akaweka miwani, akaniuliza prénom. Valère akasema Éliakim, jina ya babake. Tukatoka. Ku njia nililia, kilio yenye sikuwa nimelia tangu ile siku, mpaka motard akasimamisha pikipiki na akatungojea. Valère alinishika. Précieux. Précieux. Paluku Précieux. Unaona, nimeandika.

Nimerudi ku darasa juzi, kwa saa moja tu, na mutoto mugongoni, kubaambia kwa heri ya mwisho wa mwaka wa masomo. Nilichora tena mustari yote ku tableau, kuanzia Mercure. Baada ya Neptune nikaandika Pluton. Ule mutoto akauliza tena swali yake. Nikamuambia ndiyo, iko bado kule. Mama Nadège alikuwa ku mulango, alikuja na ndizi ya kunipongeza. Hakusema kitu juu ya mashetani. Alichukua mutoto akamuangalia uso, akamuita Kambale.

Ya matanga sijui bado. Muniachie.

Tricot ilifika, na kofia. Mvua ya juzi ilileta baridi, nikamuvalisha, na hakuiva. Umuambie Mama Mukubwa, uione vile atakuangalia.

Kutoa mutoto inje tutafanya mwisho ya mwezi huu. Uje, na umulete Mama Mukubwa, na muikae mbele ku camion, si juu ya viazi. Kuko mukeka chini ya muti wa avocatier, na bamama ba Bungulu batakuja bote kuangalia. Ukijitambulisha jina, unajua bazee ba hapa bataanza kuhesabu ku vidole, na batakuuliza Kasereka iko wapi. Chumvi itakuwa iko ku meza, Baba Mukubwa. Mimi nitaikaa karibu na sikio yako ya kuume, na utabajibu.

Mutoto wako,
Masika Séphora, mama ya Paluku na ya Kambale